Hifadhidata ya seva ya mashine pepe: uliza kwanza nani ataifufua usiku

Asubuhi moja mwaka 2014, ofisini kwetu Nakawa, Kampala, vCenter, programu ya VMware tunayosimamia nayo mashine pepe, iligoma kuwaka. Mashine pepe zote 38, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva zetu, zilikuwa zinaendelea na kazi, wahasibu wanaandaa mishahara bila kujua lolote, ila mimi nilikuwa sina uwezo wa kuhamisha hata moja kutoka seva hii kwenda ile. Nikafungua logi. Hifadhidata ambamo vCenter huandika kumbukumbu zake ilikuwa imegonga GB 10, haina nafasi ya kuandika hata mstari mmoja.

Tulikuwa tunatumia SQL Server Express, hifadhidata ya bure ya Microsoft iliyokuja kwenye kifurushi cha vCenter. GB 10 ndiyo ilikuwa mwisho wake. Kwa vCenter 5 ya Windows, ilipendekezwa isizidi seva 5 na mashine pepe 50, na sisi tulikuwa na seva 3 tu, kwa hiyo tulilala usingizi. Kumbe kinachoijaza si wingi wa mashine peke yake, ni historia: kila tukio, kila kazi iliyofanyika, na takwimu za prosesa, memori na diski. Mmoja wetu alipandisha kiwango cha takwimu kutoka 1 hadi 3 akichunguza diski iliyokuwa nzito, kazi ikaisha, hakuna aliyekirudisha. Matukio nayo tuliyaacha yakae milele. Nilichukua nakala ya hifadhidata nzima kwanza, ndipo nikaanza kufuta ya zamani. Ilinichukua siku nzima.

Baada ya hapo tukanunua leseni ya SQL Server kamili na kuiweka kwenye mashine pepe yake. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naliona kubwa kuliko ukubwa wa diski. Umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa, UPS zikaisha. Uliporudi, vCenter ilikuwa inaingoja hifadhidata, na hifadhidata ilikuwa mashine pepe iliyozimika, sijui iko kwenye seva ipi, kwa sababu vCenter ndiyo iliyokuwa ikiihamisha yenyewe. Nikaingia seva moja baada ya nyingine, simu mdomoni inimulikie kibodi, hadi nikaikuta kwenye ya tatu. Tangu siku ile mashine ya aina hiyo naifunga kwenye seva ya kwanza, na jina la seva hiyo nimeliandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo achague nini, namwambia achukue hifadhidata inayokuja ndani ya mfumo wenyewe, isipokuwa kama ana mtu anayeishi na hifadhidata kila siku. vCenter ya Windows ilianza kuja na PostgreSQL, hifadhidata ya bure, katika toleo la 6.0, mwaka 2015, na kuanzia 7.0 toleo la Windows halipo tena, kwa hiyo huko swali limeshajibiwa. Kuna mifumo mingine ya kusimamia mashine pepe: oVirt nayo inatumia PostgreSQL, CloudStack inatumia hifadhidata ya MySQL. Proxmox, mfumo mwingine wa aina hiyo, haihitaji seva ya hifadhidata kabisa: mipangilio iko kwenye faili dogo la SQLite, na kila seva ya klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ina nakala yake. Kwa shule au hospitali yenye seva 3 na fundi mmoja, mimi ningeanzia hapo.

Hifadhidata ya Oracle sijawahi kuiona ikihitajika kwa kazi hii katika ofisi za ukubwa wetu.

Chochote utakachochagua, siku ya kwanza weka kikomo cha kutunza matukio. Mimi huweka siku 90. Takwimu ziache kiwango cha 1. Na nakala ya akiba isikae kwenye diski zilezile zinazobeba mashine pepe. Sisi tunaipeleka kwenye kompyuta ndogo ya chumba kingine, na kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi, tunairudisha kwenye seva ya pembeni kuanzia sifuri. Mara ya kwanza ilikataa, kwa sababu nenosiri la nakala alikuwa nalo mwenzetu aliyeshaacha kazi. Sasa liko kwenye bahasha, ndani ya sefu ya mhasibu.