Muulize Ami: "Umekuja lini, waondoka lini?"

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu waliokuja Lamu likizo, ama za ndugu zao waliowapokea. Skuli za Ulaya zimefunga, na boti za kutoka uwanja wa ndege wa Manda zaja zimejaa masanduku kuliko watu. Nimezichagua hizi, na zengine nimezikata kidogo manake kuna mmoja alitueleza mpaka chakula alichopewa ndani ya ndege.

*Ami, asalaam aleikum. Mie mzaliwa wa Langoni lakini nakaa Leicester miaka mingi sana, nimekuja kuwaona wazee. Kuna jambo lanikera. Kila nikitoka mlangoni kwetu mpaka nifike Mkunguni pale mbele ya ngome, mtu akimaliza tu kunisalimu swali linalofuata ni "waondoka lini?" Wallahi hata kitako sijakaa. Mamangu mzazi aliniuliza viatu sijavua bado. Yani naona kama watu wanihesabia siku niende zangu. Halafu sokoni napigwa bei, changu wa kawaida tu nilitajiwa pesa nikabaki mdomo wazi, na mie nimevaa kikoi kama wao. Sasa nishakua mgeni kwetu?*
*– Mwana wa Langoni, Leicester*

Waaleikum salaam mwanangu, poa moyo kwanza. Hakuna anaekufukuza. Huku mtu akikuuliza waondoka lini ujue ana hesabu zake kichwani. Yuko anaeozesha mwezi ujao ataka kujua kama utakuwepo, yuko mwenye halua na achari za kumpelekea mwanawe huko huko Uingereza na aona sanduku lako litarudi tupu, yuko fundi uliemuahidi kazi ya paa na ataka kuanza mapema alipwe kabla hujavuka Manda manake ukishavuka simu haishikwi. Na mamako nae, usimuonee bure, mama wa Lamu akikuuliza waondoka lini apanga jiko: lini mkate wa mofa, lini samaki wa kupaka, lini aroweke mbaazi za kula na mahamri. Mbaazi hazirowekwi asubuhi.

Lakini kuna upande wa pili na huu ntakwambia bila kukubembeleza. Mtu ambae siku yake ya kuondoka yajulikana haingizwi katika mambo. Ndugu wakigombana kwa sababu ya ukuta yeye haambiwi, mgonjwa akizidiwa usiku haamshwi, kwenye harusi hapewi kazi, apewa kiti. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na weye sidhani umetumwa hata kubadilisha mtungi wa gesi. Hapo ndo penye tatizo, si kwenye lile swali. Basi usingoje kupewa, jembe liombe. Ukitoka msikiti alfajiri pitia mkate uje nao. Mtu wa mtaa akifa usiende kutoa mkono tu ukarudi kulala, ingia ubebe jeneza na wenzako, hata kama marehemu humjui jina. Hitima ikisomwa kaa mpaka mwisho, simu iache nyumbani. Watazidi kukuuliza waondoka lini, hilo halina dawa, lakini utaona watakuuliza na mambo mengine.

Kuhusu samaki hapo sikutetei hata kidogo. Nyie wa Ulaya mwaja Julai na Agosti manake ndo watoto wako likizo, na huo ndo moyo wa kusi, upepo wavuma, bahari imechafuka, mwenye dau dogo ama mtumbwi hawezi kutoka nje ya miamba, na anaetoka arudi na kidogo. Sasa kitu kikiwa kidogo na wanaokitaka wengi, tena wengine wao wana pauni mfukoni, bei itakwenda wapi? Njoo wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, bahari imetulia, tafi na changu wamo, utaona watu wanunua bila kulia. Na hata hapo samaki wakubwa wazuri wengi hawafiki sokoni, wachukuliwa kwa hoteli za Shela ama watiwa barafu wapelekwa Mombasa. Kikoi hakikusaidii, kina mikunjo ya duka bado. Mtume mtoto wa nyumbani akanunue, na chenji mwachie.

*Ami, mie ni wa Mkomani, nipo Muscat. Nimerudi baada ya muda mrefu na nimesikitika sana. Lamu yetu imeharibika. Niliacha mji wa punda na mashua, nimekuta pikipiki zanguruma, majumba ya simiti yameota kila pembe, vijana kutwa kwenye simu, na huko ng'ambo bandari kubwa imeua uvuvi. Hivi nyie mliobaki mlikua wapi mji ukipotea?*
*– Mwenye uchungu, Muscat*

Mwenye uchungu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika, kwa hio nivumilie.

Tuanze na bandari manake hapo una haki nusu. Ndio, gati la kwanza la bandari ya Kililana lilifunguliwa Mei 2021, na ule mchanga uliochimbwa baharini umewaumiza wavuvi, hakuna anaebisha. Lakini waulizia tulikua wapi? Wengine walikua mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na kesi hio haikufunguliwa na mtu wa Muscat, ilifunguliwa na watu wa hapa hapa. Halafu kulikua na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi. Watu wa hapa walikaa vikao mpaka wakachoka, wakaandamana kwa miguu na kwa mashua, na Juni 2019 baraza la kesi za mazingira likafuta ile leseni. Hawa hawa waulizao waondoka lini ndo waliofanya hivo.

Pikipiki nazo zilipigwa marufuku kuingia Mji wa Kale, manake sisi tumo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na vichochoro vyetu vyengine punda wawili hawapishani, sembuse pikipiki. Wapo wanaovunja amri, mie mwenyewe nawapigia kelele. Ila huko nje ya mji wa kale, mji ulikokua, mama mjamzito saa nane usiku ataka kitu cha haraka, punda hana haraka. Weye wakumbuka punda kwa raha manake hukuwahi kumngoja ukiwa na mgonjwa.

Na simiti. Nyumba ya kiamu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mafundi wa kutia chokaa na kuchonga dari wamepungua, na boriti zenyewe 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti nchi nzima wakataji mikoko wetu wakakaa bure, na mikoko mingi ya Kenya iko kwetu. Kijana anaetaka kuoa na ana pesa ya matofali tu afanye nini, angoje? Kama waipenda nyumba ya mawe, yenu ya Mkomani iko vipi? Nauliza kwa sababu nyumba nyingi za zamani hapa zimenunuliwa na wageni, na mauzo nnayoyajua mie mengi yalianza na simu kutoka nje: "uzeni tugawane." Kama yenu bado ipo, tuma pesa ya chokaa kabla ya mvua za masika, ukuta wa nyuma ndo uingiao maji kwanza. Mafundi wa kuaminika nakutafutia mie.

La vijana na simu nimeliruka manake barua yako umeiandika kwa simu.

*Ami, mie si mgeni, mie ndie niliebaki. Kakangu anakaa Toronto, kaja kaondoka wiki iliopita. Alipokua hapa kiyoyozi mchana na usiku, tokeni za stima zilizokua zatutosha mwezi zikawa zaisha wiki, na anaezinunua ni mie. Barazani agawa pesa kwa kila anaepita, kaahidi mmoja injini ya boti, mwengine karo ya mtoto, mwengine hata sijui. Sasa kaondoka na wote wagonga mlango wangu. Tena alinichukua video nakuna nazi, nimejifunga leso tu, kaiweka kwa stetasi ya WhatsApp. Nimwambieje bila kuonekana sina shukrani, manake dawa za baba alipa yeye?*
*– Dada, Mkomani*

Mwanangu, hii barua ingekua ni ya kwanza kwenye ukurasa, ni vile tu ilichelewa kufika.

Video ndo ya kuanza nayo na haina maneno mengi: mwambie aitoe leo. Si ombi. Mwanamke wa watu jikoni kwake si kitu cha kuonesha marafiki wa Canada, na kakako alielelewa mitaa hii ya daka na pazia, ajua fika.

Walioahidiwa, usibishane nao wala usijitetee. Wape namba yake. Kila anaegonga mwambie, "namba ya kakangu hii, ahadi ni yake," ufunge mlango kwa adabu. Nakuhakikishia baada ya simu tatu za injini ya boti atajifunza kusema "nitajaribu" badala ya "nitakuletea." Nae tumuonee huruma kidogo, manake mtu akirudi kutoka nje asipotoa barazani jina lake ni mchoyo mpaka azikwe, na wengi wao huku wagawa na huko wana madeni. Lakini huruma hio isilipiwe na tokeni zako.

Stima ni hesabu, na hesabu haina ukosefu wa shukrani. Usimtumie voisi ya dakika kumi na mbili ukiwa na hasira, najua umeshairekodi, ifute. Muandikie: mwezi wa kawaida twatumia kadha, ulipokuwepo zilikwenda kadha, tofauti ni hii, namba ya mita hii. Tokeni hununuliwa kwa simu, si lazima mtu awe Lamu.

Na hilo la dawa za baba lishuke kifuani kwako. Yule ni babake pia. Yeye atoa pesa, weye wamgeuza mzee, wamuosha, wampeleka kliniki na kumngoja kwenye benchi tangu asubuhi. Hio si mshahara kwamba akikulipa basi unyamaze.

*Wanangu wawili wamezaliwa Oslo, Kiswahili wasikia kidogo lakini hawasemi, binamu zao wawacheka na nyanyaao yuwalia kwamba hawezi kuongea na wajukuu. Nimewaletea vitabu, hawataki.*
*– Mama wawili*

Vitabu viweke. Shida ni weye, kila mtoto akikwama wamtafsiria. Toka nyumbani, nenda kwa shogazo mpaka magharibi uwaache na nyanyaao bila mkalimani. Wape shilingi wakanunue viazi karai wenyewe, na jioni maji yakijaa waende ukingoni na binamu zao wanaporuka baharini kutoka gatini, ikiwa wajua kuogelea. Matusi watayajua kabla ya salamu, usishtuke, ndo mlango wenyewe.

*Nilichukua uraia wa Uingereza 2014. Kuna mtu kaniambia mie si Mkenya tena na kila nikija nilipie ruhusa ya kuingia kama mtalii. Ni kweli?*
*– Wa Shela*

Si kweli. Katiba ya 2010 yasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyengine. Waliochukua kabla ya hapo ndo walioupoteza, na nao waweza kuomba kurudishiwa. Ila sheria ya 2011 yakutaka uijulishe serikali kwamba una uraia wa pili, ndani ya miezi mitatu, na wengi hawafanyi. Kama weye hukufanya, nenda uhamiaji ujulishe. Ile ruhusa ya mtandaoni iliochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024 ni ya wageni, ukiwa na pasipoti ya Kenya iliohai huihitaji. Kwa hio pasipoti yako ya Kenya usiiache ikafa droo.

*Ami, nimetoka Dubai kwa arubaini ya nyanyangu. Tumefungua sanduku lake tumekuta noti za elfu elfu za zamani, nyingi tu, zimefungwa kwa leso. Benki watatubadilishia?*
*– Mjukuu*

Mola amrehemu. Noti za elfu za zamani mwisho wake ilikua 30 Septemba 2019, baada ya hapo si pesa tena, na wazee wengi waliokua wakiweka sandukuni habari iliwapita. Lakini ni za elfu peke yake ndo zilizofutwa, za mia tano, mia mbili, mia na hamsini za zamani bado zatumika. Kwa hio hio leso ifungueni tena mtenganishe moja moja kabla hamjagawana mirathi, na hizo za elfu mtu asijaribu kuzipitisha dukani usiku akijifanya katoka ng'ambo hajui, wenye maduka wa Langoni washachoka na nyie.