Umenunua shamba Minnesota? Nenda kikao cha Machi

Baadhi ya Wakenya hapa Minnesota siku hizi wanahama kutoka mjini kutafuta ekari chache za kufugia mbuzi na kupanda sukuma wiki. Mimi pia nilifanya hivyo, na ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaulizia bei ya trekta, ijue taunishipu yako. Hiyo ndiyo serikali iliyo karibu nawe kuliko zote. Barabara ya changarawe inayofika langoni kwako, mara nyingi ni yao kuichonga na kuiondolea theluji.

Anza na hati ya ardhi. Utakuta imeandikwa robo ya seksheni fulani, pamoja na namba ya taunishipu. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1785: wapima waliikata nchi katika miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba, yaani taunishipu, ukawa na seksheni 36 za ekari 640 kila moja. Hapa Minnesota, seksheni ya 16 na ya 36 zilitengwa kwa ajili ya shule. Ila ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya kusini mwa jimbo ilitwaliwa kutoka kwa Wadakota kwa mikataba ya 1851, miaka saba kabla Minnesota haijawa jimbo. Sisi ambao babu zetu walifukuzwa kwenye mashamba yao ili walowezi wapewe, tusiusome ukurasa huo mbio mbio.

Sasa kikao chenyewe. Kila Jumanne ya pili ya Machi, taunishipu zote za Minnesota, zaidi ya 1,700, hukutanisha wakazi wao. Ni kama baraza, ila hapa hakuna chifu: waliohudhuria huchagua mwenyekiti wa kikao papo hapo, kisha wapiga kura wenyewe wanapitisha kiasi cha kodi ya mwaka unaofuata. Watu wakiwa wachache, hao wachache ndio wanaokuamulia. Kama bado hujapata uraia hutapiga kura, lakini nenda usikilize.

Kwetu tulikaa kwenye viti vya kukunja, karani akasoma hesabu za changarawe na greda mstari kwa mstari. Nikauliza kuhusu kalavati iliyokuwa ikizibwa na barafu, maji yakapanda barabarani kila theluji ilipoyeyuka. Msimamizi mmoja wa taunishipu, mkulima, akaandika kwenye daftari. Wiki hiyo hiyo alikuja kuiangalia, na kabla ya kiangazi ilikuwa imebadilishwa. Sijawahi kuona serikali ikifika nyumbani kwangu namna ile.

Na banda la mbuzi? Kabla ya kumwaga zege, muulize karani kama kibali kinatolewa na taunishipu au kaunti, maana si kila taunishipu ina kanuni zake za ujenzi. Makarani wengi hufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo usitafute ofisi, piga simu.