Balbu ya wati 150, dima inayovuma, na mjusi aliyehamia pembeni

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina mjusi wa ndevu wa miezi kumi, anaishi kwenye kizimba cha kioo chenye urefu wa sentimita 120. Balbu yake ya kuotea joto iliungua, nikanunua nyingine ya halojeni, wati 150, ile ya mwanga mwembamba kama wa tochi. Niliamini kubwa ndiyo bora. Kipimajoto nilichobandika ukutani mwa kizimba kinasoma nyuzi 34, lakini mjusi hakai tena juu ya jiwe lake. Kutwa yuko pembe ya mbali, na chakula anakigusa kwa kusuasua. Nimejaribu kupunguza makali kwa dima niliyoitoa kwenye taa ya sebuleni, imeandikwa LED wati 100. Sasa balbu inavuma na kiboksi cha dima kinakuwa cha moto. Ninunue dima kubwa zaidi, au nihamie balbu ya LED? Na usiku nimwashie taa nyekundu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda ukachomoe hiyo dima. Imetengenezwa kubeba wati 100 za LED, nawe umeibebesha 150 za halojeni, kutwa nzima, siku saba kwa wiki. Kiboksi kinachochemka kinakueleza kwamba kimezidiwa. Nimefanya kazi ya umeme miaka 22, na nimeshafungua dima za namna hiyo nikakuta plastiki ya ndani imeyeyuka. Kitu kinachowaka saa 12 kwa siku nyumbani mwako kisiwe cha kubahatisha.

Sasa mjusi. Kipimajoto cha ukutani kinapima hewa ya pale kilipobandikwa. Mjusi halalii ukuta, analalia jiwe. Tafuta kipimajoto cha bastola, kile kinachopima kwa infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, uelekeze juu ya jiwe baada ya taa kuwaka kama saa moja. Kwa mjusi wa umri huo tunataka jiwe lisome kati ya nyuzi 38 na 42, na upande wa baridi uwe 24 hadi 28. Kwa balbu uliyoitaja, sitashangaa ukikuta jiwe limepita 50. Akikaa juu ya jiwe na kufungua mdomo kidogo usiogope, ndivyo anavyopunguza joto mwilini. Lakini akilikimbia jiwe moja kwa moja, amekwisha kukujibu.

Jambo la mwanga mwembamba ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe. Mjusi wangu wa kwanza, Shaba, nilimwekea balbu ya namna hiyo hiyo. Nilipima hewa, nikaona namba nzuri, nikaridhika. Kumbe mwanga wote ulikuwa unaangukia sehemu moja ya mgongo, ndogo kama kifuniko cha chupa. Pale palichomeka huku mkia na mabega bado ni baridi, naye akaendelea kukaa kwa sababu mwili mzima ulikuwa haujashiba joto. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kovu la ukubwa wa punje ya mahindi halikumtoka. Kwa hiyo nunua balbu ya mwanga mpana, inayofunika mwili kuanzia mabega hadi kiunoni. Hawa ni wanyama wa maeneo ya ndani ya bara la Australia, huko hupanda juu ya magogo na nguzo za uzio kuota jua, na jua halimwagiki mgongoni kama tone.

Halojeni yenyewe umechagua vizuri, usiiache. Hutoa infraredi ya mawimbi mafupi, inayoingia ndani ya ngozi kama joto la jua linavyoingia. Balbu ya kauri, ile ya kupasha tu isiyo na mwanga, hutoa mawimbi marefu, hupasha zaidi juu juu. LED ndiyo kabisa haifai kwa kazi hii: joto lake dogo linabaki kwenye kitako, mbele hupeleka mwanga mtupu. Kama taa ya kung'arisha kizimba ni nzuri, ila ya kuotea joto hapana.

Ulitaka kujua kama ununue dima kubwa zaidi. Nunua balbu ndogo kwanza. Anza na wati 75 ya mwanga mpana, jiwe likiwa kama sentimita 30 chini yake, uiwashe kwa nguvu zote, upime. Ikikosa nyuzi chache, inua jiwe au panda wati 100. Ikizidi kidogo, hapo ndipo dima inapoingia. Nataka dima imalizie kazi, isibebeshwe kazi yote. Ukibana balbu ya 150 hadi ibaki kiasi kidogo, mwanga unapungua haraka kuliko joto na unageuka rangi ya chungwa, kizimba kinakuwa kama machweo mchana kutwa, na mjusi wa ndevu bila mwanga mkali huzubaa. Pia halojeni huishi muda mrefu kwa sababu metali inayovukiza kutoka kwenye uzi wake hurudi tena kwenye uzi, na hilo linahitaji kioo cha ndani kiwe cha moto sana. Ukiibana kila siku, kioo kinapoa mno, metali inaganda kwenye kioo hicho na balbu inaweza kuanza kuwa nyeusi.

Unapochagua dima, soma namba ya halojeni, si ya LED. Mara nyingi kiboksi kimoja kina namba zote mbili na hazilingani. Mimi huchukua inayobeba angalau mara mbili ya wati za balbu. Kuvuma kunatokana na dima kukata umeme vipande vipande, uzi wa balbu ukatetemeka. Ile inayokata mwisho wa wimbi la umeme hutulia kuliko inayokata mwanzo wake. Holda iwe ya kauri, maana ya plastiki hukauka na kupasuka.

Chumba chako kikibadilika sana kati ya msimu na msimu, chukua themostati, yaani kifaa kinachojirekebishia joto chenyewe, yenye dima ndani yake. Usichukue ile ya kuwasha na kuzima tu, kwani halojeni itakuwa ikizimika na kuwaka siku nzima mbele ya macho ya mnyama. Kihisio chake ukifunge imara pale pale anapootea. Kikianguka upande wa baridi, themostati itadhani kizimba kimepoa na itaipa balbu nguvu zote.

Taa ya UVB, ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, iwe na waya wake peke yake, kamwe isipitie dima, na pasiwe na kioo kati yake na mjusi. Ibadilishe kila mwaka hata kama bado inang'aa.

Taa nyekundu ya usiku usiweke. Anaiona rangi hiyo, na usiku anahitaji giza. Chumba kikibaki juu ya nyuzi 18, mzimie kila kitu alale. Kikishuka chini ya hapo, hiyo ndiyo kazi ya ile balbu ya kauri, ikiwa na themostati yake na wavu wa kuizunguka asije akairukia.

Fanya haya, mpe siku tatu, kisha niandikie namba mbili: ya juu ya jiwe saa sita mchana, na ya ile pembe aliyojificha.