Maswali ya Wavuvi: Nifunge Nzi Gani kwa Trauti wa Majira ya Joto?

SWALI: Nimehamia Denver, Colorado, na jirani amenipa jiriwa ndogo, uzi na boksi la manyoya. Nataka kufunga nzi bandia (ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu) mwenyewe kabla ya Julai, lakini vitabu vimejaa mamia ya aina na kila moja inasifiwa. Nianzie wapi?
Msomaji, Denver

JIBU: Kitabu kiweke kando kwanza. Trauti, samaki wa mito ya baridi, hajui jina la nzi. Anachokagua ni ukubwa, kisha umbo. Rangi huja nyuma. Kwa hiyo usifunge aina ishirini, mmoja mmoja. Funga aina nne au tano, kila aina nzi sita, katika saizi mbili. Kumbuka namba za ndoana huenda kinyume: namba 18 ni ndogo kuliko namba 12.

Mito ya Rocky Mountains hufurika maji ya theluji mpaka Juni hivi. Yakishapungua na kutakata, zamu ni ya wadudu wa majini, hasa kadisi na meiflai. Kadisi hulaza mabawa mgongoni kama paa la nyumba. Meiflai huyasimamisha kama tanga. Kwa kadisi funga Elk Hair Caddis namba 14 na 16. Kwa meiflai funga Parachute Adams namba 16 na 18. Nzi wa Adams alibuniwa Michigan mwaka 1922, na ukijivu wake hauigi mdudu mmoja hasa; ndiyo maana hupita kwa wengi. Ongeza Pheasant Tail namba 16 wa kuzamisha, maana sehemu kubwa ya chakula cha trauti huliwa chini ya maji, hata siku unazowaona wakipanda juu.

Mwishoni mwa Julai mambo hugeuka. Wadudu wa majini hupungua, nyasi za kingo hukauka, na upepo wa mchana huangusha panzi, sisimizi na mbawakawa mtoni. Hapa ndipo wengi hukwama: wana boksi zuri la Juni, na wamelibeba Agosti. Nusu ya boksi la Agosti iwe wadudu wa nchi kavu: panzi namba 10, mbawakawa namba 14, sisimizi namba 16 na 18. Ukilazimika kuchagua mmoja, chukua sisimizi. Panzi anahitaji majani na upepo; sisimizi yuko kila mahali, hata kwenye kijito cha msituni.

SWALI: Elk Hair Caddis wangu huelea kidogo tu kisha hulala ubavu. Nywele za bawa nazo huzunguka ndoana. Nakosea wapi?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hayo ni makosa mawili, tuyatenganishe.

Kuzunguka kunatokana na kufunga bawa juu ya chuma kitupu au kukaza uzi mapema. Lalia uzi kwenye mti mzima wa ndoana, ile sehemu iliyonyooka, kabla ya kitu chochote. Funga waya mwembamba mwanzoni mwa kipindo, pale ndoana inapoanza kujikunja, sokota manyoya ya sungura kwenye uzi na ujenge mwili, ukiacha milimita 2 nyuma ya jicho, tundu la kufungia mshipi. Fungia hapo unyoya wa shingo ya jogoo, uuzungushe kurudi nyuma mara tano au sita, kisha uunase kwa waya. Waya upande mbele kwa kuzunguka upande ulio kinyume na unyoya, ili upite juu yake na kuushikilia. Ukizungusha upande uleule utazama kando ya unyoya usifanye kazi.

Sasa bawa. Kata nywele za elki, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, za unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Zichane kwa kitana cha meno madogo ili sufi ya chini itoke yote, kwa sababu sufi hunyonya maji na huzuia nywele kukaa sawa. Panga ncha zilingane, pima bawa liishie juu ya kipindo, kisha libane kwa vidole juu ya ndoana. Zungusha uzi mara mbili kwa ulegevu, halafu vuta kuelekea chini huku vidole vikiwa bado vimebana. Nywele zitafumuka. Usiachie mpaka umezungusha mara nne au tano zaidi zikiwa zimekazwa. Wengi huachia mara tu nywele zinapofumuka, na hapo ndipo bawa hukimbilia ubavuni. Malizia kwa mafundo, tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, na ukate vishina vya mbele kwa mshazari.

Kulala ubavu husababishwa na unyoya. Ama ni wa kuku jike, ambao ni laini na hulowa, ama ni mrefu kupita kiasi. Nyuzi zake zisizidi mara moja na nusu ya mwanya wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na mti. Na nzi aliyetoka mdomoni mwa samaki ana ute: msuuze, mkaushe kwa kitambaa, ndipo umpake dawa ya kuelea.

SWALI: Uzi hukata sponji ninapofunga mbawakawa. Nibadilishe sponji?
Msomaji, Leeds

JIBU: Badilisha uzi. Uzi mwembamba sana hukata sponji kama waya unavyokata sabuni. Tumia mnene kidogo, wa kipimo cha 6/0, na ukaze polepole. Sponji yenyewe ni ya milimita 2, jamaa ya ile ya ndala, na inauzwa kwa karatasi katika maduka ya kazi za mikono. Kata utepe wenye upana sawa na mwanya wa ndoana. Ukizidi hapo, sponji huziba mwanya na samaki hanasi, hata akimeza vizuri. Funga utepe nyuma, zungushia nyuzi tatu za unyoya wa tausi kama tumbo, weka tone la gundi ya supaglu, kisha ukunje utepe mbele na ufunge. Bandika kipande cha rangi ya machungwa mgongoni. Samaki hakioni, ni chako wewe.

SWALI: Trauti wanapanda, wanamtazama nzi wangu, wanageuka. Nibadilishe aina?
Msomaji, Pennsylvania

JIBU: Bado. Tazama kwanza kama nzi anaacha mchirizi. Mkondo ukivuta mshipi, nzi hukokotwa, na mdudu wa kweli hafanyi hivyo. Refusha kipande cha mwisho cha mshipi kifike sentimita 100 hivi na utupe kwa ulegevu. Kwa unene wa kipande hicho, unaoandikwa kwa namba na X, gawa namba ya ndoana kwa tatu: namba 16 inaenda na 5X. Wakikataa bado, shuka saizi moja ya aina ileile.

Isipokuwa asubuhi za Agosti, kati ya saa 2 na saa 4, wanapoonekana kama wanakunywa maji taratibu bila kurusha tone. Hao wako kwenye Trico, meiflai mdogo anayehitaji ndoana namba 22. Hapo saizi moja haitoshi.

SWALI: Ni kweli Montana huwazuia watu kuvua mchana?
Msomaji, Seattle

JIBU: Ndiyo, kwa mito iliyopata joto. Maji yakifika nyuzi 73 za Farenhaiti, karibu 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo, mto unaweza kufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, na trauti aliyepambana humo anaweza kufa baada ya kuachiwa. Beba kipimajoto, kikisoma 20 za Selsiasi, kunja mshipi bila kungoja tangazo.

SWALI: Sisi wa Nyeri hatuna majira ya joto. Orodha hizi zinatufaa?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Kwa sehemu. Trauti wa kahawia waliwekwa Mto Gura mwaka 1905, lakini kalenda yao kwenu ni mvua. Maji yakiwa na tope, funga nzi mweusi mnene wa kuzama, namba 10, mwenye waya wa fedha wa kumeta. Miezi mikavu, maji yakiwa kioo, rudi kwenye Pheasant Tail na Adams namba 14 au 16. Sisimizi ni wa mwaka mzima.