Mbegu za kiume huhifadhiwa kabla ya kemo

Dada, umeuliza mbegu za kiume za kijana mwenye saratani zihifadhiwe lini: kabla ya dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, si baada ya matibabu kuisha. Kijana wa miaka 15 aliyekwisha balehe anaweza kutoa mbegu zikagandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka mingi. Dawa za kemo kama siklofosfamaidi zinaweza kumwacha bila mbegu kabisa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani. Muulizeni kijana mwenyewe faraghani, mama akiwa nje. Mbele ya mzazi wengi huinamisha kichwa, wanavuta shuka na kusema "sitaki" kwa aibu tu.

Kwa msichana, kuvuna mayai ya kuhifadhi huhitaji kama wiki 2 za sindano, na saratani kali ya damu mara nyingi haisubiri.