Huna gereji? Mlipe fundi nafasi, kazi ufanye mwenyewe

Swali la wiki hii limeuliza sisi tunaopenda kubadilisha magari yetu, kuyanyua, kuweka rimu kubwa, kubadili shokapu, na hatuna gereji, kazi tunafanyia wapi. Mi niko Dar, nimepanga, wapangaji wengi geti moja, uani kuna pevingi na mwenye nyumba hataki tone la oili pale, haki yake kabisa. Kwahiyo mi naenda gereji za mtaani, hizi tunaziita gereji bubu, ila siendi kutengenezewa, naenda kulipia nafasi.

Na hapa ndo naomba watu wanielewe. Fundi wa mtaani anaishi kwa vitu viwili, hela ya ufundi na cha juu kwenye spea. Sasa we unakuja na spea zako umeshanunua kwenye maduka ya kule Gerezani, alafu unataka ufungue mwenyewe, maana yake umemkata kotekote na gari lako limekaa sehemu ambayo lingekaa la mteja. Akikununia unasema ana roho mbaya, jamani hana roho mbaya, ana familia. Mi nikifika asubuhi namwambia mapema kabla jeki haijagusa gari: fundi shikamoo, naomba nafasi mpaka jioni, kazi nafanya mwenyewe, kijana wako akinishikia namlipa kivyake, na nikikwama nakuita wewe na hapo ni hela ya ufundi kama kawaida. Tunakubaliana bei, natanguliza nusu. Nenda Jumapili au katikati ya wiki, Jumamosi usithubutu maana ndo siku yao ya kula.

Kwenye kuchagua sehemu, angalia chini kwanza, mambo ya paa baadae. Nawapa mfano wa Toyota IST maana ndo kila mtu analinyanyua huku kwa ajili ya barabara zetu za ndani, unakerezesha spesa za aluminiamu, yaani vipande vya kuongeza urefu, kwa fundi kerezo, unashusha shokapu, spesa inakaa juu yake kisha unafunga na bolti ndefu zaidi. Hiyo kazi inataka gari likae hewani muda mrefu na tairi limetoka, na gereji nyingi chini ni mchanga ulioloa oili. Jeki ikibeba uzito inazama upande mmoja taratibu, we uko chini unahangaika na nati huoni, unakuja kushtuka gari limeshalala. Beba ubao wako mgumu wa inchi mbili, mpana kuliko kitako cha jeki, weka na chini ya stendi za kushikilia gari pia, alafu lile tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari, stendi ikiteleza gari linaangukia tairi haliangukii kifua chako. Tofali la saruji usiweke kabisa hata kama gereji nzima wanaweka, tofali linapasuka bila kukupa taarifa.

Na springi, tafadhali sana. Kama unaweka spesa tu ya juu huna haja ya kuifungua springi, ila kama unabadilisha springi yenyewe inatakiwa kubanwa na kifaa chake cha kubania, akitokea mtu anakwambia ataifunga na waya we kusanya vitu vyako uondoke, ile ikifyatuka inaua. Ukishanyanyua nenda kapige wili alaimenti siku hiyohiyo, maana urefu ukibadilika matairi yanabadilisha uelekeo na yataliwa upande, na ukinyanyua sana draivu shafti, zile shafti za kuzungusha matairi, zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika mapema. Nati za tairi kwa Toyota ndogo kama hizi ni 103 Nm, azima tokwe renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, ubane kwa kipimo, mambo ya kupanda juu ya spana na mguu yanakata stadi, zile bolti zinazoshika tairi.

Sehemu nyingine nzuri ambayo watu hawaifikirii ni kaa woshi, wanapoosha magari, zege lipo, maji yapo, umeme upo, siku ya mvua hawana wateja kwahiyo wanakubali kirahisi, ila angalia ule mteremko wa kupitisha maji, weka vizuizi kwenye matairi. Pagala la jamaa yako nalo linafaa kama ameshamwaga zege, ila ukitumia grainda au mashine ya kuchomelea mnunulie umeme wa LUKU, na kabla ya kuchomelea chochote toa waya wa hasi kwenye betri la sivyo unaunguza kontrol boksi, kompyuta ya gari. Ila gereji zilizo ndani ya hifadhi ya barabara mi siziendi kwa kazi ndefu, siku manispaa wakija kuwaondoa gari lako liko juu ya stendi halina matairi ya mbele, utalisukuma vipi.

Oili chafu ondoka nayo kwenye dumu, usimwage mtaroni, wauza mbao wengi wanaitaka kwa ajili ya mchwa.

Ujerumani zipo gereji ambazo unakodi lifti kwa saa na zana zao, unafanya kazi yako unalipa unasepa. Huku kwetu naamini kabisa ingelipa, vijana wanaopenda magari ni wengi na wengi wetu ni wapangaji, hata vyuo vya ufundi vya VETA wakifungua karakana zao Jumapili kwa malipo tutajaa. Kama kuna msomaji ana eneo la zege Tegeta, Mbezi, Kigamboni popote, lina umeme na fensi, weka lifti moja tu utangaze hapahapa gazetini, mi nakuja kulipia.