Herufi A Iliyonipotezea Mteja

Juzi mwanahabari chipukizi wa Bungoma aliniandikia: "Dada, nasikia unapitia tovuti zaidi ya mia moja kila alfajiri. Huwa unalala kweli?" Nalala, tena saa nne usiku. Ujumbe wake uliingia siku ileile niliyopigiwa simu na mzee ambaye nilikuwa nimeingoja simu yake kwa miezi saba. Kwa hiyo nitamjibu hapa, na nitasema hata yale ambayo sijawahi kuyasema.

Kazi yangu ni kuwasomea watu habari. Nikiwa chumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu, kabla ya saa moja na nusu asubuhi nimeshatuma muhtasari kwa wateja wangu: wauzaji samaki, wakili mmoja, na wakati ule chama cha wakulima wa mpunga kule Ahero. Magazeti ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, blogu za kilimo, taasisi za utafiti, zote humwaga habari zao mpya mahali pamoja, kwenye kisomaji cha milisho ninachokifungua katika kivinjari. Mlisho ni orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa yenyewe, na kisomaji huzikusanya orodha hizo. Tovuti isiyo na mlisho naitembelea mwenyewe, na hizo ndizo zinazonichosha.

Vitufe nilivijua kwa sababu ya shida. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, na katika majira ya masika pedi ya kugusa ikafa. Pesa ya mausi ilikuwepo, lakini kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Usiku huo nikabonyeza vitufe ovyo ovyo nikitafuta namna ya kushuka kwenye orodha, nikagusa alama ya kuuliza, na dirisha likafunguka likiwa na njia zote za mkato za kibodi. Nilikaa nalo hadi saa saba. Wiki mbili zilizofuata ni za kukosea na kurudia, sitawachosha nazo.

Anza na J. Weka kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu yake, utahisi kimstari kilichoinuka. Kimewekwa hapo ili mkono upate makao yake bila macho kutazama chini. J inakupeleka kwenye habari inayofuata, K inakurudisha kwenye iliyotangulia. Niliwahi kuzichanganya kila siku hadi niliposoma zilikotoka. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa Berkeley huko Marekani, aliandika programu ya kuhariri matini iitwayo vi. Terminali aliyoitumia, ADM-3A, yaani skrini na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi H, J, K na L, na mshale wa J ulitazama chini. Google Reader, kisomaji kilichoanza 2005 na kufungwa tarehe 1 Julai 2013, kilikuwa na J na K hizohizo, na visomaji vingi vilivyokirithi vimezishika. Hata umbo la J lenyewe lina mkia unaoshuka. Tangu nilipojua hayo sijazichanganya tena.

Kwenye kisomaji changu S inaweka nyota kwenye habari ya kurudia baadaye, na V inafungua ukurasa wake wa asili. Basi. J, J, J, S, J, J, V. Vichwa 400 vilivyokuwa vikinila saa mbili sasa navimaliza kwa dakika arobaini, na najivunia hilo waziwazi, kwa sababu mhariri mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mzito mno kwa kazi ya habari.

Sasa niseme la Ahero.

Shift na A kwa pamoja hutia alama kwamba habari zote zimeshasomwa. Kisomaji kilikuwa kikiniuliza kwanza kama nina uhakika, nami nilikuwa nimelizima swali hilo, nikiona linanichelewesha. Asubuhi moja nikataka kutafuta habari za Ahero. Nilidhani kishale cha kuandikia kiko ndani ya kisanduku cha kutafutia, kumbe hakikuwepo, na herufi zangu zikawa amri. A kubwa ikazitia zote alama ya kusomwa. R, inayoleta orodha upya, ikafanya kazi yake. Kwa kuwa nilikuwa nimechagua kuona zisizosomwa tu, skrini ikabaki tupu. Vichwa zaidi ya mia tatu vikaondoka kwa neno moja la herufi tano.

Hazikuwa zimefutwa. Ningegeuza mpangilio nione habari zote, zingekuwa palepale. Sikujua. Nilituma muhtasari wa haraka haraka, na ndani yake halikuwemo tangazo la kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu maji ya umwagiliaji. Kikao kikapita bila wakulima wale. Mwenyekiti wao, yule mzee, alipopiga simu hakufoka. Alisema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "tulikulipa uwe macho yetu," akakata. Maneno hayo bado yananiuma ninapoyaandika.

Siku hiyo nililirudisha swali la "una uhakika?" na halijazimwa tena. Kabla ya kuandika chochote natazama kishale kinapepesa wapi. Nikitaka kutafuta nabonyeza kwanza alama ya mkwaju (/), ambayo kwenye kisomaji changu inanipeleka moja kwa moja kwenye kisanduku, na kitufe cha Esc kinanitoa. Kila kisomaji kina tofauti zake, kwa hiyo alama ya kuuliza ndiyo uibonyeze kabla ya kuniamini mimi.

Na wewe ndugu yangu wa Bungoma, pamoja na vijana wote mnaotaka kazi hii: acheni kungoja habari ziletwe kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa zimetafunwa na watu kumi. Jaza kisomaji chako mwenyewe. Jifunze J leo, kesho K, kesho kutwa S. Usijifunze kumi kwa siku. Na usiharakishe kuzima maonyo yaliyowekwa kukulinda; mimi niliyazima kwa ajili ya sekunde moja, nikalipa miezi saba. Kasi ya kidole bila jicho kuangalia ni hasara kwa yule aliyekuamini, na huyo hana kibodi, ana shamba.

Katika simu ya juzi mzee aliuliza kama bado nafanya kazi ile. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema chama kimekubaliana tuanze tena Jumatatu, kwa malipo yaleyale. Sikumwomba aongeze.